Damu Iliyokataa Kutoka Moyoni

Jumatano, Mfungo Nane, baada ya alasiri. Jua la leo limeshuka mpaka limekaa mabegani mwa watu, vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi, na mawingu ya mvua hayajaonekana hata yale ya kudanganyia.

Naogopa.

Nimeandika neno hilo halafu nikalitazama, kama mtu anayemtazama nyoka aliyempiga mwenyewe, hana hakika kama kafa. Mimi Maganga! Mimi niliyemfunga kiboko bendeji ya mguu pale kwenye kivuko cha Malagarasi, akatulia, na nilipomaliza akatikisa masikio kunishukuru. Mimi niliyebeba pembe ya ndovu kutoka Ujiji, pembe ndefu hata ncha yake iliingia Tabora leo, mimi mwenyewe nikaingia kesho yake. Ukitaka kubisha, daftari, bisha. Waliokuwapo wamekufa wote, shahidi nimebaki mimi.

Sasa mtu kama huyo, leo katetemeshwa na swali.

Nieleze vizuri, maana mwenzangu Stefano ameniambia niandike kila siku nilichojifunza, na leo nimejifunza mengi kuliko nilivyotaka. Mimi ni dresa katika hospitali ya serikali hapa Tabora. Naosha vidonda, nafunga bendeji, nashika watu wanaochomwa sindano ya buba wasirushe mateke. Shule sikuiona hata mlango wake. Chuo cha Kurani nilisoma alifu na bee, mwalimu akahama, nikafurahi. Herufi hizi za kizungu nimejifunza kwenye chupa za dawa, ndiyo maana mwandiko wangu umesimama wima kama unataka kunywewa vijiko viwili kutwa.

Kazi yenyewe niliipata kwenye vita. Nilikuwa nabeba machela ya majeruhi, daktari wa Kidachi akaona mikono yangu haitetemeki, akanipa mkasi. Baadaye Wadachi wakaondoka, Waingereza wakaingia, mkasi ukabaki kwangu. Hapa mtaani kwetu Chemchem watoto wakiniona na koti langu jeupe wanasema, "Shikamoo Daktari." Sijawahi kumrekebisha hata mmoja.

Basi ikaja amri. Kila dresa ataulizwa maswali na Daktari Mkubwa kutoka Dar es Salaam. Atakayejibu, atabaki wodini na atapewa cheti. Asiyejibu, koti analiacha, anapewa panga la kufyekea majani nyuma ya hospitali. Panga! Nikifyeka majani nyuma ya hospitali, nani atanipa shikamoo? Mbuzi?

Siku ile ile amri iliposomwa, nikasimama pale kwa fundi cherehani, watu wamejaa, nikasema huyo Daktari Mkubwa ajiandae yeye, kwa sababu nikimaliza kujibu nitamuuliza mimi. Watu wakacheka, nikacheka nao. Nilikuwa sijaliona swali hata moja.

Tukaanza kusoma. Stefano ni dresa mwenzangu, kijana wa Kwihara, wazazi wake wakulima, Wakatoliki wa kusali kila siku. Yeye kasoma misheni, kitabu anakisoma kama mtu anayekunywa uji. Kila jioni tukitoka kazini anakaa na mimi barazani ananisomea. Siku ya kwanza nikamwambia, "Stefano, soma chote leo, kesho tupumzike."

"Mzee, ulipokuwa mpagazi ulibeba mizigo ya msafara mzima peke yako?"

"Ndiyo," nikasema, "na mpishi juu yake."

Akacheka mpaka kitabu kikamwanguka. Lakini akashika msimamo wake. Kidogo kila jioni, na kabla ya kuanza cha leo nimwambie cha jana kwa mdomo wangu, kitabu kimefungwa. Hapo ndipo nilipopaona pagumu. Akisoma yeye, nasikia kila kitu, natikisa kichwa, naona nimejua. Akifunga kitabu, kichwa changu kinakuwa kama soko baada ya magharibi. Vumbi na maganda.

Akanifundisha na jambo jingine. Kila nilichojifunza nikamweleze mtu asiyejua, na akinielewa, basi nimekijua. Nikamchukua mke wangu, Kalunde. Maskini, anatwanga mtama, mimi nimesimama namweleza habari ya mapafu. Siku moja akaniuliza, "Sasa hayo mapafu yanaota upande gani, juu ya ini au chini yake?" Nikamwambia hilo ni swali la kesho. Nikakimbia kwa Stefano kuuliza. Ukikwama mbele ya mkeo, umekwama mahali salama, maana kucheka atakucheka, lakini koti hatakuvua.

Na kuhusu siku yenyewe, Stefano alinihusia mambo. Sikiliza swali mpaka mwisho wake, usilidakie njiani. Kama hujui, sema hujui, usitunge. Hilo la kutotunga alilirudia sana, akinitazama usoni. Mimi nikajifanya naangalia kuku.

Mengine yote nikayaweza. Vidonda ndiyo chakula changu. Kwinini naijua kama jina la mama yangu. Kilichonishinda ni safari ya damu. Damu inatoka hapa, inapita pale, inabadilisha mshipa, inarudi tena; nikifika gotini, nimesahau paja. Siku zinakwisha.

Hapo ndipo nikapata akili yangu mwenyewe, na nikajiona bingwa.

Sisi tuliobeba mizigo ya barabara kuu, vituo vya njia tunavyo kichwani kwa wimbo. Nilikuwa kijana mdogo nilipoubeba mzigo wa mwisho, lakini wimbo haujatoka. Bagamoyo, Simbamwene, Mpwapwa, Marenga Mkali pasipo na maji, Tura, Rubuga, mpaka Kwihara, umefika, mama anakupokea na pombe ya mtama. Nikasema, kumbe damu nayo ni mpagazi! Nikakipa kila kiungo kituo chake. Kidole gumba cha mguu kikawa Bagamoyo. Kifundo cha mguu, Simbamwene. Goti, Mpwapwa, kwa sababu pana mlima. Paja lile refu, Marenga Mkali. Nyonga, Tura. Tumbo, Rubuga. Na moyo ukawa Kwihara, nyumbani.

Mwe! Kitu kikaingia kichwani mara moja, hakikutoka. Nikamwimbia Stefano. Akanisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Mzee, mbona ni mzuri sana." Ila alikuwa amechoka, nadhani, na mimi niliimba kwa sauti kubwa. Hakuna kati yetu aliyeona kilichokuwa kimekaa ndani ya wimbo ule kama mwiba ndani ya kiatu.

Leo asubuhi tukapangwa barazani madresa wote, makoti yamepigwa pasi. Stefano akaingia kabla yangu. Akatoka anajipangusa jasho, lakini anatabasamu. Akaninong'oneza, "Mzee, mpaka mwisho wa swali." Nikampiga begani, nikamwambia asubiri asikie vicheko ndani.

Vicheko alivisikia.

Daktari Mkubwa ni Mwingereza mrefu, shingo nyekundu, anasema Kiswahili cha kitabu, kila neno limefuliwa na kunyooshwa. Kando yake amekaa msaidizi wake, mtu wa pwani, anaitwa Bwana Kondo, kazi yake kufafanua pale Kiswahili cha kitabu kinapogongana na cha kwetu. Nilipotaja jina langu, Bwana Kondo akaweka kalamu chini.

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi wa hapa hapa. Na wewe?"

"Mzaramo."

Basi, mtani wangu huyo! Kwa njia ile ile ya misafara, babu zetu walitaniana mpaka ikawa sheria. Nikaona Mungu amenifungulia. Nikajisahau, nikavuta kiti kama nimefika ugenini kwa shemeji.

Swali la kwanza lilikuwa donda ndugu. Nikalijibu, maji ya moto, chumvi, kutoa nyama iliyokufa, bendeji isikaze, mguu ukae juu. Daktari Mkubwa akaandika, akatikisa kichwa. Nikaongeza kwamba mimi niliwahi kuponya donda lililokuwa kubwa kuliko mguu wenyewe. Bwana Kondo hakulifafanua hilo.

Swali la pili, Daktari Mkubwa akaanza, "Mishipa ni ya aina ngapi..."

Nikalidaka.

Stefano nisamehe. Swali lilikuwa halijafika mwisho. Nikasema, "Mitatu, bwana! Mshipa wa damu. Mshipa wa kuvuta, huu wa shingo unaokaza mtu akilala vibaya. Na mshipa ule wa wanaume, unaoshuka chini ukavimba mpaka mtu anatembea kama amebeba boga."

Bwana Kondo akainamia meza, mabega yanamtikisika. Daktari Mkubwa akamaliza swali lake polepole: "...mishipa ya kuchukua damu, inayounganishwa na moyo."

Kumbe alitaka ule wa kupeleka na ule wa kurudisha. Wa kupeleka na wa kurudisha! Naijua hiyo! Lakini kwa Kiswahili chetu mshipa ni mshipa, hata ngiri ni mshipa, sasa mtu ataacha vipi kuchanganya?

"Wanyamwezi," Bwana Kondo akasema, anajifuta machozi, "mmezoea kubebeshwa, sasa mpaka maboga mnayabebea huko chini."

"Nyamaza, Mzaramo. Nyie mlikuwa mnatungoja pwani na nazi moja, mnatuuzia maji yake asubuhi na kifuu chake jioni."

Daktari Mkubwa akatutazama. "Mnagombana?"

"Hapana, bwana. Huyu ni mtani wangu."

"Mtani ni nini?"

Bwana Kondo akafikiri. "Ni mtu ambaye nikimtukana nimemsalimia."

Daktari Mkubwa hakucheka. Akafungua ukurasa mwingine. Hapo jasho likaanza kunishuka mgongoni, kwa sababu niliona kwamba katika chumba kile tulikuwa watu watatu, na mmoja wetu alikuwa hatanii.

Akasema, "Damu ikitoka moyoni, inaufikia mguu kwa njia gani?"

Nikafurahi. Wimbo wangu huo! Nikafumba macho, nikaanza. "Inatoka kidole gumba..."

"Nimesema ikitoka moyoni."

"Ndiyo, bwana. Ikitoka moyoni. Inatoka kidole gumba..."

"Moyoni, Maganga."

Nikajaribu kuanza Kwihara. Nikasema Kwihara, halafu... giza. Baada ya Kwihara hakuna kitu. Baada ya Kwihara ni pombe ya mtama na kulala! Ndipo nikaelewa, nimesimama mbele ya Mwingereza na mdomo wazi. Wimbo wetu ule ni wa kurudi. Sisi tukienda pwani hatukuimba vituo. Kwenda una mzigo, una woga, hujui kama utafika, nani ataimba? Tulihesabu vituo tukirudi nyumbani, kila kituo furaha inaongezeka. Kwa hiyo damu yangu mimi inajua kurudi tu. Kwenda haijui.

Bwana Kondo akajaribu kunisaidia kwa utani: "Mtani, geuza msafara, umeacha mzigo Bagamoyo."

Kisha Daktari Mkubwa akaliuliza lile.

"Mtu amejikata kwa shoka, chini ya goti. Damu inaruka. Unataka kufunga kamba kuizuia. Utafunga juu ya jeraha, upande wa paja, au chini ya jeraha, upande wa vidole?"

Daftari, sikiliza. Nimefunga kamba za namna hiyo tangu vita. Majeruhi wengine nilifunga nikiwa nakimbia. Siku zote nafunga juu. Yule Mdachi aliniambia juu, nikafunga juu, watu wakapona. Mikono yangu inajua kama inavyojua njia ya kwenda mdomoni. Lakini leo wimbo ulikuwa umejaa kichwani, damu inatoka Bagamoyo, inatoka kwenye vidole, inapanda. Nikaona nikiifunga kule inakotoka nitaiweza.

Nikasema, "Chini, bwana. Upande wa vidole."

Daktari Mkubwa akaweka kalamu mezani, taratibu.

"Mtu huyo amekufa," akasema.

Bwana Kondo hakutania tena. Hata yeye. Alitazama mikono yake.

Nikataka kusema hapana, bwana, mimi huwa nafunga juu, muulize yeyote. Daktari Mkubwa akafunga kitabu, akaniambia kwa Kiswahili chake kilichonyooshwa kwamba jibu la donda ndugu lilikuwa zuri, kwa ajili ya hilo atanipa nafasi moja. Kesho asubuhi nirudi. Ataniuliza damu inavyotoka moyoni, na ataniuliza kamba. Nikikosea, koti nilivue pale pale mezani. "Siwezi kumwacha mtu wodini," akasema, "ambaye siku akiogopa atafunga upande usio wake."

Siku akiogopa.

Neno hilo ndilo limenifuata mpaka nyumbani. Panga la majani silifikirii tena sana. Nafikiria mkono. Mdomo wangu leo umesema chini kwa sababu niliogopa. Je, mkono nao siku moja ukiogopa? Mtu kalala mbele yangu, mkewe analia, damu inaruka, na mimi kichwani naimba Bagamoyo?

Nilipotoka nje Bwana Kondo akanifuata. Akaninyang'anya kofia kichwani, haki yake mtani, akairusha juu akaidaka. "Kofia hii ni yangu mpaka kesho. Ukifaulu njoo uinyang'anye. Ukishindwa naivaa naenda nayo Dar es Salaam, niwaambie nilimvua Mnyamwezi." Siku nyingine ningemkimbiza kuzunguka hospitali nzima na watu wangekuja kutazama. Leo nilisimama tu, upara unaungua jua. Akaacha kucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, nenda ukakae na mtu akuulize," akaingia ndani, kofia yangu mkononi.

Njiani nikajaribu kuugeuza wimbo. Kwihara, Rubuga... Tura... hapa nakwama, narudi Bagamoyo naanza upya, napanda mpaka Tura nione nini kiko kabla yake, nashuka. Mpaka nafika Chemchem nimetembea barabara ya pwani mara nyingi kuliko nilivyoitembea kwa miguu.

Fundi cherehani akaniita, amekaa na wateja wake. "Daktari! Umewauliza maswali?"

"Bado," nikasema. "Kesho."

Nikapita. Hata hadithi moja sikuacha pale. Nikasikia cherehani imenyamaza nyuma yangu.

Stefano alikuja baada ya adhuhuri. Yeye amefaulu, na hakujua aniambie kwa uso gani. Akasema, "Shikamoo mzee," nikasema marahaba, hongera, mwanangu, na nilikuwa namaanisha. Nikamweleza yote. Akashika kichwa.

"Kosa ni langu, mzee. Niliusikia wimbo nikaona unapanda, nikadhani utaushusha mwenyewe."

"Kosa lako wapi? Aliyebeba mzigo kinyumenyume ni mimi."

Akasema niuache. Niache vituo vyote. "Umejifunza wimbo, mzee, hujajifunza damu. Wimbo una mwanzo mmoja tu. Daktari Mkubwa anaweza kuanzia popote." Akaanza kuniuliza katikati katikati: damu ipo pajani kwenye mshipa wa kupeleka, inakwenda wapi? Ipo gotini kwenye mshipa wa kurudisha, inatoka wapi? Nikawa napata moja, nakosa moja. Nikipata, nahisi nimebahatisha. Kubahatisha ndiko kulikonitisha zaidi, kwa sababu mtu anayebahatisha na kupata hawezi kulala, na mtu anayebahatisha na kukosa ameshaua.

Stefano akaondoka, mama yake anaumwa huko Kwihara, akaniachia kitabu. Nimekifungua. Picha ya mtu aliyechunwa, mishipa myekundu na mishipa ya buluu imesukwa kama mkeka. Nikakifunga.

Kalunde alikuwa jikoni uani anachambua nsansa, yale majani ya kunde aliyoyaanika mwezi uliopita. Sikumweleza habari za Daktari Mkubwa. Nikakaa karibu yake kwenye kinu kilicholala, nikamwambia, "Niulize."

"Nikuulize nini? Mimi najua nini?"

"Chochote cha damu. Mshipa upo wa kwenda na upo wa kurudi. Niulize popote."

Akajipangusa mikono kwenye kanga, akaushika mkono wangu kama mtu anayechagua muhogo sokoni, akaugeuza. Akatazama mishipa ile ya kijani iliyosimama nyuma ya kiganja. Akaminya mmoja. "Huu?"

"Wa kurudi," nikasema, lakini nilibahatisha.

Akaugeuza tena mkono. Akaweka kidole chake ndani ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, pale tunaposhikia wagonjwa. Akakunja uso.

"Na huu unaoruka? Unakwenda au unarudi?"

Nikafungua mdomo kuanza Bagamoyo. Nikaufunga.

Unaoruka. Nimeshika vifundo vya wagonjwa tangu vita, nikahesabu mapigo nikamwambia daktari, na sijawahi hata siku moja kujiuliza nani anapiga. Nikatoa kidole chake, nikaweka changu. Paa, paa, paa. Moyo uko huku kifuani unapiga, na huku kwenye kifundo unasikika. Ule wa nyuma ya kiganja nikaugusa. Kimya. Haupigi.

Nikabana kwa nguvu upande wa kiwiko, nikasikiliza kwa kidole kingine upande wa kiganja. Pakanyamaza. Nikaachia, pakaruka tena. Nikabana upande wa kiganja, nikasikiliza upande wa kiwiko. Panapiga tu, kama mtu anayegonga mlango uliofungwa.

Nikarudia. Nikarudia tena. Kalunde ananitazama kama nimeanza kuwehuka.

Ndiyo maana mikono yangu siku zote imefunga juu. Damu inayoruka inatoka moyoni, inasukumwa. Ukibana kule inakosukumwa, upande wa moyo, huku inanyamaza. Nimeuminya mwenyewe, kwenye mkono wangu mwenyewe, na hata ukinianzishia gotini, ukinianzishia shingoni, naweza kutafuta panaporuka nikajua upande.

"Unakwenda," nikamwambia Kalunde. "Huu unakwenda."

Akauvuta mkono wangu mapajani mwake, akaweka kidole pale pale. "Mbona basi unakimbia hivi? Kama umefukuzwa."

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumwambia ni damu ya mpagazi, haijazoea kukaa. Ningeweza kumwambia habari ya kiboko wa Malagarasi. Hayakuja.

"Naogopa, mke wangu," nikasema. "Wameniambia nirudi kesho. Nimejibu vibaya leo, nikamuua mtu kwa mdomo."

Hakushtuka. Akachukua nsansa zake, akaendelea kuchambua.

"Najua unaogopa."

"Umejuaje? Stefano kakwambia?"

"Yaya, hapana. Stefano hajasema neno. Tangu juzi hujanidanganya hata mara moja, Baba Zena. Nimelala nawaza huyu mtu anaumwa nini."

Sasa nimekaa barazani naandika, koti limetundikwa msumarini kwenye mlango, kidole kimoja kiko kwenye kifundo. Bado unakimbia, na najua kesho utakimbia zaidi. Kesho nitasikiliza swali mpaka neno la mwisho, hata kama yule Mwingereza atasinzia katikati. Nitashika mkono wangu kwanza, ndipo nifungue mdomo. Nisipojua nitasema sijui. Atakalosema yeye ni lake.

Ila nikitoka pale, nikiwa na koti au bila koti, kazi yangu ya kwanza ni kurudi nyumbani na kumtungia Kalunde uongo mmoja mkubwa, mzuri, wenye mamba ndani.